Zuena na Unga wa Vitu Kumi na Moja

Saa moja kasorobo asubuhi, Zuena Kasim anasukuma viazi na malenge kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Yuko nyumbani kwake, chumba cha kupanga mtaani Majengo, mjini Meru. Watoto watano ambao mama zao humwachia wakienda kazini bado hawajafika. Kwenye jiko la makaa, kipande cha ini alichowekewa na Nurudin wa buchari kinatokota polepole.

Anachota rojo, anakipindua kijiko. Halidondoki.

"Hapo sawa," asema. "Ikikimbia kwa kijiko, hiyo ni maji unapea mtoto."

Zuena, 47, amelea watoto wa wenzake kwa miaka tisa. Hutoza shilingi mia moja na hamsini kwa siku, chakula ndani yake. Lakini kilichomjengea jina si chujio wala ini. Ni unga wa uji.

Unga huo ulikuwa na vitu kumi na moja: mahindi, wimbi, mtama, mchele, ngano, soya, njugu, maharagwe, ndengu kutoka Ishiara, mbegu za malenge na dagaa wa omena. Jirani akitaja kitu chenye nguvu, Zuena alikiongeza. Angeachwa hivyo hivyo, pengine angesaga na kabati. Akina mama walikuwa wakifunga safari kutoka mji wa Maua kuufuata, naye akitembea kifua mbele.

Mapema mwaka huu Joyline Karwirwa, muuzaji katika duka la vitambaa mjini, alimleta mwanawe Muthomi. Mtoto alikuwa ametimiza miezi sita, ndiyo kwanza anaanza kula. Zuena akamkaribisha kwa uji wa sifa.

Muthomi hakuufurahia. Tumbo lilijaa, akalia mchana kutwa, na kufikia wiki ya tatu akikiona kijiko anafumba mdomo. Mwezi wa kwanza uzito wake ulikwama kwenye kilo sita na nusu. Mwezi wa pili ukashuka kwa gramu mia moja.

Nesi wa kliniki hakuzunguka. Mtoto asipoongeza uzito kufikia mwezi ujao, atalazwa hospitalini. Joyline alikwisha kuamua moyoni kuacha kazi na kurudi kwao Maua.

Siku hiyo Zuena alikuwa amewasindikiza, pakiti ya unga mkobani. Anakiri bila kuficha kwamba alitarajia pongezi. Nesi alipouliza umetengenezwa na nini, alivihesabu vyote kwa vidole hadi vidole vikamwishia.

"Mama, na maharagwe inaiva kwa dakika ngapi?" nesi akauliza.

"Masaa mawili hivi."

"Na huo uji unapikia mtoto dakika ngapi?"

"Kumi na tano," Zuena akajibu, na hapo akaelewa.

Nesi alimweleza kwamba tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo na halijazoea kazi. Likitupiwa vitu kumi na moja kwa mpigo, tena vingine vibichi, huwezi hata kujua ni kipi kinachomsumbua.

Walitoka kliniki. Langoni Joyline akasimama, akamgeukia Zuena, ambaye wengi humwita Mama Safiya.

"Mama Safiya, si ni wewe ulisema hii unga iko na nguvu?"

"Ni mimi nilikosea, Mama Muthomi. Sio mtoto, na sio maziwa yako. Nipe huu mwezi moja tu. Asipoongeza, mpeleke kwa nyanya yake, na sitakuuliza kitu."

Joyline alimfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Lakini kesho yake asubuhi alimleta.

Zuena alianza upya kama mtu ambaye hajawahi kupika. Viazi peke yake, siku tatu. Kisha malenge, siku tatu. Kisha ndizi mbichi iliyopondwa na maziwa, ndengu zilizomenywa zikaiva hadi zikalainika, mchicha wa terere, na ini lililokwanguliwa kama karoti. Uji ulibaki wa wimbi tu. Siku za kwanza Muthomi alikula vijiko viwili, akageuza shingo, na Zuena hakumlazimisha. Alimpakata, akasubiri, akajaribu tena baadaye.

"Nilikuwa naogopa huyo mtoto," asema. "Akiniangalia nasikia aibu."

Jumanne iliyopita walirudi kliniki. Muthomi alining'inizwa kwenye mzani, miguu ikirusha mateke, na mshale ukakataa kutulia. Uliposimama, nesi alisoma kilo sita na gramu mia tisa. Joyline alicheka, kisha machozi yakamtoka. Zuena yeye alitafuta benchi.

Asema: "Nilikaa tu, nikasema alhamdulillahi."

Mpango wake sasa ni kufungua chumba cha pili na kuwafundisha akina mama mapishi haya. Lakini kuna kazi inayotangulia. Kwa miaka yote ameuza unga ule kwa wanawake wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka, na anataka kuwapata mmoja mmoja awaambie alikosea.

Simu inaita akiwa bado anaponda. Ni Celina, mteja wa Maua, anataka kilo mbili kama kawaida. Zuena anaweka chujio chini na kufuta mikono kwenye leso.

"Nimeacha kuuza, Celina. Hapana, usikate simu. Niambie kwanza, mtoto tumbo yake iko aje?"