Vumbi la Kumsindikiza Mume Wangu

Jumanne moja ya mwezi wa pili nilifiwa na mume wangu. Kazi yake ilikuwa kuosha paneli kwenye mtambo wa sola hapa kwetu Kano, si mbali na Ahero. Adui yake alikuwa vumbi. Paneli ikichafuka, alisema, umeme unapungua hata jua liwake namna gani, na maji ya kuosha huletwa na lori kwa gharama. Ng'ombe wa jirani akipita karibu na ua, alimkemea kama mtu mzima. Hata mimi nilikatazwa kufagia bila kunyunyiza maji kwanza.

Sasa sisi Wajaluo, mwenye boma akifa, hatumwachi aende kimyakimya. Tuna tero buru: ng'ombe hukimbizwa, watu wakipiga kelele na kutikisa matawi, mauti yafukuzwe hadi mpaka wa ukoo. Mpaka wetu siku hizi ni ua wa ule mtambo.

Nilitaka afanyiwe. Asiyefanyiwa huonekana kama hakuwa na boma, na yeye alikuwa nalo. Mimi niliishi ndani yake.

Shemeji yangu mkubwa akaenda lango la mtambo kumwambia meneja kwamba ng'ombe watapita kando ya ua, mimi nikamfuata.

“Mzee, si mpitie barabarani?” meneja alisihi.

“Mauti hayafuati barabara, Bwana meneja.”

“Lakini vumbi! Tumeosha jana tu. Umeme wa upande huu wote utashuka.”

“Utashuka, halafu utapanda. Ndugu yangu je?”

Meneja akanigeukia. “Mama, wewe unasemaje?”

“Yeye mwenyewe angewakataza,” nikasema, kwa sababu ni kweli.

“Shemeji! Kwani uko upande gani?”

“Upande wake. Waache wapite, Bwana meneja. Tukimaliza, tutaosha wenyewe.”

Akafikiri, akakubali.

Ng'ombe walikuja mbio na wingu zima nyuma yao. Paneli zikawa rangi ya udongo. Meneja alitoka ofisini ameshika simu inayomwonyesha kiasi cha umeme, akipaza sauti, “Unashuka! Unashuka!” Wazee wakaona naye ameguswa na msiba. Mmoja akampa tawi. Akalishika, masikini, hakujua pa kuliweka.

Tulingoja jioni, maana paneli ikiwa moto haimwagiwi maji baridi. Kisha waombolezaji wakaingia na nguo zao za kanisani, wakapewa brashi. Shemeji alisugua kama anayeosha sufuria ya ugali.

“Polepole, utaikwaruza,” nikamwambia.

“Umeanza kuongea kama yeye.”

Nilichukua safu ya karibu na lango, ile ambayo mume wangu alipenda kuanza nayo. Nilipofika paneli ya mwisho, fahali mmoja alikuwa ameingia kwa lango tuliloacha wazi. Akanywa maji kwenye ndoo yangu, akainua kichwa, akapiga chafya juu ya paneli niliyokuwa nimemaliza.

Nikamkemea. Nikachukua kitambaa, nikaifuta tena.