Simu Iliyofuliwa

Kwa miaka mingi nilitengeneza redio kando ya barabara kuu pale Mikumi, na karibu kila nilichojua nilijifunza kwa kufungua vitu na kuvirudisha. Kisha redio zikakoma kuletwa. Madereva wa malori walioshuka kula walianza kuniwekea mezani simu: betri zilizovimba kwa kuachwa juani nyuma ya kioo cha mbele, vioo vilivyopasuka. Kutoka Ruhembe zilikuja simu za wakata miwa, matundu ya spika yamezibwa na masizi ya mashamba yaliyochomwa. Nilizifungua nikakuta sizielewi. Redio unaweza kuifuata kwa kidole, kuanzia antena hadi spika. Ndani ya simu kuna bamba moja dogo kuliko kiganja, na vitu vilivyobandikwa juu yake ni vidogo kuliko chenga za mchele. Sikupenda kubahatisha na mali za watu. Nikajiandikisha kozi ya simu katika chuo kimoja cha ufundi Kilosa mjini, nikahamia kwa dada yangu Mabwerebwere mpaka kozi iishe.

Dada alikuwa mjane. Aliuza dagaa na vitunguu kwenye kibanda mbele ya nyumba. Mtoto wake mmoja tu, binti, alikuwa Arabuni akifanya kazi za ndani. Binti huyo hakupiga simu mara kwa mara kwa sababu mwajiri wake hakupenda, lakini alituma ujumbe wa sauti kila alipopata upenyo, na dada aliusikiliza kwa sauti ya juu huku akichambua dagaa, akijibu papo hapo kana kwamba mtoto yuko upande wa pili wa ungo.

Darasani mwenye mvi nilikuwa peke yangu. Vijana waliniita Mzee wa Redio.

"Mzee wa Redio," mmoja aliniambia siku tuliyogawiwa mita za kupimia umeme, "geuza kidogo hapo kwenye kitufe, tusikilize taarifa ya habari."

Nilicheka nao. Mwalimu alikuwa wa umri wa kuwa mwanangu. Alinipa shikamoo mlangoni, nikaitika marahaba, kisha tukiingia ndani mimi ndiye niliyesimama na wengine kumpokea. Alifundisha kwa utaratibu niliouheshimu: uliza simu ilipatwa na nini kabla hujaifungua, tazama kabla hujapima, pima kabla hujapasha moto. Na alitukaririsha jambo ambalo wateja wangu wote wa Mikumi walikuwa wakilichanganya, nami pamoja nao. Laini ni kitu kimoja, simu ni kingine. Mteja akilia kwamba namba zake zimepotea, muulize kwanza alizihifadhi kwenye nini.

Kozi ilikuwa imefika katikati dada alipoanguka jikoni asubuhi moja. Ilikuwa presha. Tulimfikisha hospitali akiwa bado anapumua, na hakuamka.

Simu yake ilizimwa siku hiyohiyo ili isilie ndani ya msiba. Wazee walipokaa kugawana majukumu, nani akachimbe, nani apokee wageni kutoka kwetu milimani, likaja suala la binti. Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayemwambia, waliulizana ni lini.

"Asiambiwe sasa," alisema mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. "Yuko peke yake kwa watu. Akianguka kule, nani atamwinua? Tumzike kwanza, tuanue matanga, ndipo mjomba wake atulie amwambie taratibu."

Niliona kwamba ni sawa. Bado naona kwamba ilikuwa sawa.

Siku ya kuanua matanga, wanawake walitoa vitu vya dada vyote nje kuvisafisha. Ni desturi ya ukoo wetu: kitu cha marehemu hakigawiwi wala kushikwa na mrithi kabla hakijapita majini. Nguo zikafuliwa, vyungu vikasuguliwa kwa mchanga, viatu vikaoshwa na kuanikwa juu ya bati. Mimi nilikuwa na wanaume upande wa mbele. Nilipokwenda nyuma kuomba simu ya dada ili nimpigie binti, niliikuta juu ya bati, katikati ya viatu, inang'aa.

"Mama mkubwa, simu hii imefanywaje?"

"Imefuliwa."

"Imefuliwa kwa maji?"

"Na sabuni. Ilishikwa na mkono wake kila siku kuliko hata nguo. Niiache na unajisi wa msiba, umpe nani?" Alinitazama usoni, sauti ikapungua. "Kwani haikaukagi?"

Shemeji mmoja alikuwa ameshaichomeka kwenye umeme kuona kama inawaka, ikapata moto mkononi mwake, naye akairudisha juani. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba simu iliyolowa ina nafasi nzuri ya kupona ikiwa haikupewa umeme. Hii ilikuwa imepata maji, sabuni na umeme kwa mpangilio huo.

Hapo ndipo tulipogundua hali yetu. Binti alikuwa amehama mwajiri na kubadili namba. Namba niliyokuwa nayo mimi haikupatikana. Wakala aliyempeleka hakupokea. Namba mpya alikuwa nayo mama yake tu. Nikatoa laini ya dada nikaiweka kwenye simu yangu. Ikaomba namba ya siri, ambayo binti alimwekea baada ya simu yake ya kwanza kuibwa stendi. Kabla sijazuia, shemeji yuleyule akajaribu miaka ya kuzaliwa, mmoja baada ya mwingine, na laini ikajifunga.

Nilikwenda duka la huduma za laini. Msichana wa kaunta alisikiliza vizuri, tena kwa huruma.

"Pole sana, baba. Kufungua laini lazima mwenyewe aweke kidole."

"Mwenyewe tumemzika."

"Basi mje na cheti cha kifo, tutaifunga kabisa asije mtu akaitumia."

"Mimi nataka kuifungua."

"Kufunga tunaweza, baba. Kufungua hatuwezi."

Nilirudi Mabwerebwere kwa miguu. Mahali fulani duniani mtoto wa dada yangu alikuwa akimtumia mama yake ujumbe, akisubiri majibu, na njia pekee ya kumfikia ilikuwa ndani ya bamba lililolowa sabuni.

Nikaipeleka chuoni. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza maswali yale ya utaratibu, nami nikamjibu moja moja mbele ya darasa: maji ya bomba, sabuni ya unga, jua, kisha umeme. Hakuna aliyecheka. Tulipoifungua, pembeni mwa bamba kulikuwa na ukungu wa kijani, na sabuni ilikuwa imekauka kati ya viungo kama chumvi. Tuliliosha bamba kwa spiriti na mswaki laini, tukalikausha, tukalitazama chini ya darubini, tukaosha tena. Mwalimu hakutaka haraka. Alitupa kazi hiyo sehemu kwa sehemu, baada ya vipindi, siku nyingi, na yule kijana wa taarifa ya habari ndiye aliyebaki nami kila mara, kwa sababu macho yake yaliona pale miwani yangu iliposhindwa.

Tulipolilisha bamba umeme kidogo kutoka kwenye mashine ya maabara, mshale ulipanda mara moja ukakwama juu. Kulikuwa na shoti. Mwalimu akachoma kipande cha ulimbo wa kulehemu, akaacha moshi wake ulifunike bamba hadi likawa jeupe kama lililonyunyiziwa unga. Tukawasha tena. Weupe wote ulibaki, isipokuwa doa moja jeusi lililoyeyuka kwa joto la shoti juu ya kapasita moja ndogo.

"Ndiye huyo," mwalimu alisema. "Mtoe."

Nilimtoa mimi. Mshale ukashuka.

Kioo cha simu kilikuwa kimekufa, hivyo tukaazima cha simu ya mafunzo ya aina ileile. Betri ilikuwa imekufa pia, kwa hiyo tuliiacha simu ikila umeme wa mashine kwa waya mbili. Ikawaka. Dada hakuwahi kuweka alama ya kufungua. Alikuwa akisema simu si sanduku. Picha ya kwanza iliyotokea ni ile aliyoiweka mwenyewe, binti yake amevaa sare ya shule. Vijana wakapiga makofi. Mwalimu akatugawia intaneti kutoka kwenye simu yake, lakini programu ya ujumbe ilikataa kufunguka. Ni mimi niliyetazama tarehe. Simu ikikosa umeme muda mrefu husahau siku, na hii ilidhani bado tuko miaka mingi nyuma. Nikairekebisha.

Ujumbe ukaingia kwa mfululizo, simu ikitetemeka juu ya meza. Mwingi ulikuwa wa vikundi vya kanisa na vya wauza dagaa. Wa binti ulikuwa juu ya yote. Nilipaswa kunakili namba, kuitoa simu kwenye mtandao, na kwenda kukaa mahali patulivu nipange maneno. Ndivyo nilivyokuwa nimekusudia. Lakini nilikuwa sijasikia sauti ya mtu wa nyumba ile tangu msiba, nikabonyeza.

"Mama, shikamoo. Leo nimeunguza wali wao, mama mwenye nyumba kanuna kama bata aliyenyeshewa. Nimecheka chooni peke yangu." Nikabonyeza unaofuata. "Mama we, umenisusa? Au mjomba kaiharibu simu yako na kozi yake?" Kijana pembeni yangu akatabasamu, kisha akaacha. "Mama, mbona kimya? Hata kama bando limeisha, kaombe kwa jirani." Uliofuata ulikuwa mfupi, kwa sauti ya chini ya mtu anayejificha: "Mama, nimeota vibaya. Nijibu hata neno moja."

Sikuwa nimefikiria jambo ambalo kila kijana mle ndani alilijua. Nilipokuwa nikisikiliza, alama za ujumbe wake zilikuwa zikibadilika rangi kule aliko. Aliona mama yake yuko hewani. Aliona mama yake anasikiliza.

Simu ikaita.

Vijana wote walinitazama. Niliipokea kwa sababu ningekata angepiga tena, na tena.

"Mama! Mama jamani! Wewe mama wewe, umenitia presha, umekaa wapi siku zote hizi? Mama?"

"Ni mimi," nikasema. "Mjomba wako."

"Mjomba! Shikamoo mjomba. Mpe mama."

"Marahaba. Uko na nani hapo?"

Kwetu swali hilo halina maana nyingine. Mtu akiwa mbali na akapigiwa na mkubwa wake, akaulizwa kwanza yuko na nani, anajua anatafutiwa wa kumshika. Tunalitumia sote, nami lilinitoka lenyewe, kwa kuwa ndilo linalokuja kabla ya mengine.

Akasema, "Niko peke yangu. Wenye nyumba wametoka."

"Kaa chini, mwanangu."

"Nimekaa." Baadaye akauliza, "Amezikwa?"

"Amezikwa. Milimani, pembeni ya bibi yako."

"Lini?"

Nikamwambia. Nilisikia akihesabu, bila shaka akipanga ujumbe wake wote upande wa baada ya kifo.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na nani?"

"Simu ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyesikia mpaka leo."

"Mjomba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "nakuomba uizime. Jina lake limewaka hapa. Mama mtandaoni, mama mtandaoni. Siwezi kuliangalia."

"Ngoja ninakili namba yako, nikupigie kwa simu yangu."

Kijana alikuwa ameshaiandika ubaoni kwa chaki. Nikaisoma kwa sauti, binti akasema ndiyo. Kisha nikatoa waya za mashine. Kioo cha kuazima kikawa cheusi. Mwalimu aliwaambia wengine watoke nje, wakatoka bila kuburuta viti.

Nikampigia kwa simu yangu. Iliita muda mrefu. Akapokea. Nikasikia maji yakitiririka, na sahani zikigusana. Alikuwa ameniegesha mahali karibu na sinki, anaosha vyombo, kwa sababu wenye nyumba wangerudi. Mara moja maji yalifungwa, nikasikia pumzi zake, halafu yakafunguliwa tena. Niliiweka simu mezani, kando ya ile nyingine, nikakaa naye hivyo mpaka kifurushi changu kikaisha.