Mguu Ambao Mama Hakuuona

Walipomaliza kuuosha mwili wa marehemu mume wangu waliniita, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kovu la muundi wake. Ngozi ya pale ilikuwa laini, haina hata unywele. Juani shambani, mguu mzima ukilowa jasho, pale palibaki pakavu. Ngozi mpya hufunika jeraha, lakini matundu ya jasho hairudishi.

Alijikata katika miaka ya sitini, kule Lumino, akiezeka upya nyumba ya mama yangu. Panga liliteleza, likapita ngozi ya juu, likapita ile nene ya chini yenye damu, likafika kwenye mafuta ya manjano. Tulichelewa kumpeleka. Hospitalini Tororo walikisafisha kidonda, wakaniambia uozo ukipanda gotini mguu utakatwa. Vitanda vilijaa, tukarudi na bandeji kwa mama, ambaye aliwahi kuuguza donda sugu la mguu wake mwenyewe hadi likapona.

Lakini kwetu Wasamia mama mkwe haoni mwili wa mkwewe, wala haingii anapolala. Mume wangu alilala katika kibanda cha kaka yangu. Kila jioni mama alichemsha maji ya chumvi, akayaacha mlangoni, kisha akaketi nje akiegemea ukuta. Mimi nikifungua bandeji, yeye akiuliza. Kinanuka? Kina rangi gani? Mume wangu alininong'oneza kwamba mguu wake umekuwa redio, mama hakosi taarifa ya habari.

Jioni moja nilikuta kidonda kimefunga kwa kigaga kikavu. Tulifurahi sana, mume wangu akaanza kutafuta viatu. Mama hakufurahi.

"Bonyeza kando," alisema.

Usaha ukatoka. Mume wangu akageukia ukuta. Kama ni kukatwa, alisema, basi wakate, amechoka.

Mama akasema kutoka nje, "Mwanangu, mwambie mkwe wangu, yeye ni fundi. Nyumba haiezekwi kabla ya kuta. Kidonda nacho huanzia chini."

Sikuhitaji kuyarudia, maana mume wangu alishasikia.

"Mwambie mama nimeelewa," alisema, bado ameutazama ukuta.

Nililainisha kigaga, nikakitoa, nikaingiza kitambaa kilichochemshwa ili mdomo usiwahi kufunga. Polepole chini ikaota nyama nyekundu, ya chembechembe kama mtama. Nilipomweleza mama, nilimsikia akicheka peke yake. Baadaye ngozi nyembamba, iliyopauka, ikatambaa kutoka kingoni hadi ikakutana katikati.

Asubuhi mume wangu alipovuka ua bila fimbo, mama alikuwa akipepeta mtama. Alimpa mgongo, kama desturi. Ungo ukasimama. Alizisikiliza hatua zote, nzito na nyepesi, mpaka zikafika kwenye ngazi na kuanza kupanda kwenye paa. Ndipo akaendelea kupepeta.