Kunguru Wamjuao Mjaka

Ofisi inayohusika imeufahamisha umma, kwa taarifa yenye mhuri na saini mbili, kwamba tishio la kunguru kwa ndege zinazotua na kuruka limekomeshwa. Hesabu ya kitaalamu imefanywa, na kando ya njia ya kurukia hakuonekana kunguru hata mmoja. Mafanikio hayo yametokana na mkakati.

Mkakati wenyewe ni bwana mmoja wa Mpendae, anaitwa Mjaka. Mwaka wa kumi na saba huu kazi yake ni kuwafukuza kunguru uwanja wa ndege: kwanza kwa debe, kisha kwa manati, na sasa kwa tundu la mtego analolitia utumbo wa samaki. Kazi anaiweza. Alilokosea ni kuifanya uso wazi. Kunguru hasahau sura ya mtu aliyemuudhi, na watoto wake huwaonesha. Basi Mjaka akitoka kazini hutoka na msafara, nao hutua juu ya bati lake wakamtukana mpaka Magharibi. Majirani hawaulizi tena kama yupo, huangalia paa.

Yote hayo yalivumilika mpaka Wanu, bintiye wa pekee, alipoposwa na watu wa Kikwajuni. Ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya sala, na pilau ya watu mia mbili ipikwe uani, juu wazi. Mkewe, Bi Mayasa, aliitazama mbingu, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Wanu, siku hiyo weye nenda Nungwi."

Mjaka alimkumbusha kwamba yeye ndiye walii, mwenye kumuoza binti, na pasi na walii hapana ndoa. Bi Mayasa akaitazama tena mbingu, kama anayetafuta kauli ya mwanachuoni mwingine. Mwisho wakakubaliana atoke alfajiri, kabla kunguru hawajaamka, abaki msikitini mpaka ndoa ipite. Aliazimiwa joho, kilemba, miwani nyeusi na mwavuli.

Joho lilimkaa vizuri. Lakini miaka ya kubeba tundu imempandisha bega moja, na bega halifichiki kwa miwani. Alipotoka mlangoni pa msikiti kumpokea bwana harusi, kunguru wa kwanza alitua ukutani, akamkagua juu chini, akaita wenziwe. Ndoa ilifungwa ndani kwa salama. Watu walipotoka, ukuta wote ulikuwa mweusi, na kilemba cha kuazima kilikwenda na kunguru wa tatu aliyemshukia.

Maalim Amour, ami yake bwana harusi, mtu wa maneno machache, alitazama juu kwa muda.

"Hawa nao mmewaalika?"

"Hawa wa kazini kwangu, Maalim."

Maalim Amour alilipima jambo hilo. Akasema yeye alipomuoza bintiye, wa kazini kwake walikuja wanne tu.

Hapo ikaingia simu ya Bi Mayasa. Pilau ilikuwa inapakuliwa, na uani kwake hapakuwa na kunguru hata wa dawa.

"Usije," alisema. "Kaa nao huko huko mpaka watu wanawe mikono."

Wageni wakenda kula. Mjaka akabaki barazani pa msikiti, chini ya mwavuli, akisikiliza vigelegele vya harusi ya mwanawe vikitoka mtaa wa pili. Alikuwa amekwisha kukata tamaa ya pilau alipomuona Maalim Amour anarudi na sinia iliyofunikwa kawa, anatembea taratibu, kila baada ya hatua mbili akitazama juu.

"Kula, mkwe," alisema, akaushika mwavuli. "Nshakula mie."

Mjaka alikula na nyama zote, mpaka mifupa ikabaki mitupu.

Kule uwanjani, maofisa wawili wenye darubini walifanya hesabu yao Ijumaa hiyo hiyo, saa nane mchana. Mjaka alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja.