Mahindi Aliyoyazika Baba

Juzi nilifungua ndoo ya unga iliyokuwa imesahaulika chini ya meza ya jikoni, na kabla sijainama kuangalia, pua ilikuwa imeshajua. Si harufu ya kuoza kama ya nyama au ya matunda. Ni harufu ya vumbi lililolowa, yenye utamu fulani ndani yake unaokaa kooni. Mume wangu alisema tuuchekeche tu, tutupe ulioganda, uliobaki tupike. Nilimpokonya ndoo kwa ukali uliomshangaza, nikaumwaga unga wote chooni, kisha nikaisugua ndoo kwa sabuni mara tatu. Aliniuliza nina nini. Sikumjibu siku ile, lakini ninyi nitawaeleza.

Tulikuwa tukikaa kando ya Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Aliyanunua kwa wakulima, gunia hapa, gunia pale, akayauza Kitale, na siku za soko akayapeleka Bungoma, mji aliokulia. Huko Bungoma ndiko alikosilimu akiwa kijana, alipokuwa akimfanyia kazi mwenye duka mmoja Mwislamu. Mzee huyo alimfundisha swala na mizani kwa pamoja, hata sidhani kama Baba aliwahi kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Jamaa zake wote walibaki kanisani. Krismasi tulikula nao bila taabu, ila kuku alichinjwa na Baba.

Namna yake ya kuuza ilikuwa kichekesho. Mteja akija, sokoni au nyumbani kwetu, hakumwonyesha mahindi ya juu ya gunia. Alilipindua gunia zima kwenye turubai, yale ya chini yakaja juu, halafu akaanza kuyasema vibaya. Haya yana wadudu kidogo. Haya yalinyeshewa siku moja kabla ya kukauka. Haya ni ya mwaka jana, usije ukasema sikukuambia. Mama, akiwa naye sokoni, alimkanyaga mguu chini ya meza, naye akauvuta mguu na kuendelea kuyasengenya mahindi yake mwenyewe. Watu wa Bungoma walimpa jina la Kasoro, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kabla ya bei. "Kasoro, leo umetuletea ugonjwa gani?" walimtania, kisha wakanunua kwake na kuwapita waliokuwa wakisifu mali zao.

Mimi niliona haya. Nilitaka baba kama baba za wenzangu. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajiharibia, akaniambia kuuza kitu huku umeficha kasoro yake ni kula haramu, na haramu ukiileta nyumbani inaingia katika miili ya watoto wako. Nilikuwa na miaka kumi. Kwa siku kadhaa nilijipapasa tumbo nikitafuta kama kuna kitu kimeingia.

Mwaka ule mvua ilikataa kuondoka. Ilikuwa mwishoni mwa elfu mbili na sita, wakati wa mavuno, ambapo kwa kawaida jua la Trans-Nzoia hukausha mahindi mpaka yanalia kama kokoto ukiyamimina. Wakulima waliogopa yasiwaozee shambani, wakavuna mabichi, na Baba akayanunua mabichi, kwa kuwa aliwaonea huruma na kwa kuwa alidhani jua litarudi. Mtaji wake wote uliingia katika magunia kumi na moja. Kila tulipopata mwanga kidogo tuliyatandaza kwenye turubai uani, nami nikapewa kazi ya kuyageuza kwa kutembea juu yake peku, nikiburuta nyayo. Nilizipenda siku za kwanza. Mahindi yalikuwa baridi na yalinitekenya. Halafu yakaanza kuwa na joto, joto lisilotoka juani, na nyayo zangu zikawa zinatoka na unga wa kijani.

Stoo ilianza kunuka ile harufu. Baba alifungua gunia moja baada ya jingine, akatia mkono mpaka kwapani, akautoa na kuunusa. Alipofika la mwisho aliketi juu yake na kuvua kofia.

Habari za mahindi yaliyooza husafiri haraka kuliko za mahindi mazuri. Haikupita wiki akatujia mwanamke mmoja kutoka upande wa Bungoma, mnene, mcheshi, mwenye kanga mbili kiunoni. Alikuwa mama pima, yaani mpika pombe, na mahindi kama yale ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. Aliyashika, akayanusa kwa furaha kama mtu anayenusa mandazi.

"Mzee, mbona unasumbuka bule?" alimwambia Baba. "Hii ndiyo ile mimi natakanga. Nabeba yote leo leo, na pesa ndiyo hii."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Niliuona uso wake. Alijua, na mimi kwa utoto wangu nilijua, kwamba mama yule akiondoka mikono mitupu, biashara yetu imekwisha. Baba alimkaribisha chai, akamweleza kwa upole kwamba hawezi kuuza nafaka akijua inakwenda kuwa pombe. Mama pima alicheka mpaka chai ikamwagika. Alidhani ni njia mpya ya kupandisha bei. Alipoona si mzaha, alisimama, akamtazama Baba kwa huruma ya kweli, akasema, "Utakufa maskini, bana," na akaenda zake.

Baada ya hapo Mama alianza kutafuta mlango mwingine. Alisema wauziwe wafugaji wa kuku. Baba alijibu kwamba kuku watakufa, na wasipokufa wataliwa na watu. Mama akasema basi yamwagwe mtoni. Baba alijibu kuna samaki, na kuna watu wanaochota maji chini huko. Kuchoma haikuwezekana, yalikuwa yamelowa mno. Nawaambia haya ili mjue kwamba hakuwa mzembe. Alizunguka jambo lile siku tatu, akaziba kila tundu ambalo dhuluma ingeweza kupitia. Mwishowe, mchana mmoja baada ya swala ya alasiri, alichukua jembe na koleo, akachimba shimo nyuma ya stoo, mahali ambapo ua wa michongoma ulitutenganisha na jirani. Aliyamwaga yote mle na kuyafukia. Udongo ulikuwa mzito wa mvua na yeye alikuwa amechoka, kwa hiyo hakuchimba kina kirefu.

Kisha alituita, Mama na mimi, akatuambia mambo ya stoo yasitoke nje. Hakutaka Kiminini nzima ijue kwamba Kasoro amefilisika. Hilo nalo nalielewa. Ni aibu ndogo, ya kawaida, ambayo mtu yeyote angekuwa nayo.

Ng'ambo ya ule ua aliishi Mama Nasimiyu na watoto wake wawili. Walikuwa wameshuka kutoka mlimani, huko juu ya Kapsokwony, wakikimbia vurugu zilizokuwa zikichoma nyumba za watu, nao walifika na godoro moja na sufuria. Mume wake alibaki nyuma kuangalia ng'ombe na hawakupata habari zake tena. Mama Nasimiyu alipalilia mashamba ya watu, lakini msimu ule hapakuwa na cha kupalilia. Nasimiyu alikuwa rika langu, mwenye meno yaliyoachana na kicheko cha kuambukiza. Kaka yake mdogo, Wafula, alikuwa na miaka mitatu, na kila nilipopita alitoa kichwa katikati ya michongoma na kuniita "Lukia, Lukia," kwa kuwa Rukia lilimshinda ulimi, mpaka nimpe kitu. Mara nyingi nilimpa kipande cha sima kutoka kwenye sahani yangu.

Asubuhi moja nilimkuta Nasimiyu bombani akiosha mahindi ndani ya karai. Yalikuwa yamejaa udongo na ukungu, naye alikuwa akiyasugua kwa mikono miwili kama nguo. Niliyatambua mara moja. Alishtuka kuniona, akainamia lile karai kulifunika kwa mwili wake.

"Usiambie babako, tafadhali," alisema. "Atatuita wezi. Si mlikuwa mmetupa? Mama anaosha mara mbili, alafu anachemsha sana. Inakuwa tu sawa."

Nilimwahidi. Sasa nitasema ukweli, kwa kuwa nimekuja kuusema. Sikunyamaza kwa sababu ya huruma tu. Nilifurahia kuwa na siri na Nasimiyu, na nilikuwa mtiifu: Baba alisema mambo ya stoo yasitoke nje, na mimi sikuyatoa. Kwa akili yangu ya wakati ule, kilichokwisha kuoshwa kilikuwa kisafi.

Walikula kwa siku kadhaa. Mama Nasimiyu mwenyewe alikula kidogo sana, kama mama wengi wakati wa njaa, na Nasimiyu akala kiasi, na kitindamimba akashibishwa. Wafula alianza kutapika. Halafu tumbo likavimba na macho yakawa ya manjano, manjano ya kiini cha yai, na akaacha kuniita uani. Mama yangu ndiye aliyempakata njiani kwenda hospitalini Kitale, amemfunga kwa leso yake. Daktari aliuliza mtoto amekula nini. Mama Nasimiyu alitazama sakafu. Daktari aliuliza tena, naye akasema, "Mahindi." Mama yangu aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alijua hapohapo ni mahindi gani.

Wafula alifariki siku ya tatu. Walimzika kule kule Kiminini, katika kipande cha ardhi walichopewa na kanisa, kwa sababu mlimani hakukufikika. Baba alisaidia kuchimba kaburi. Nilimwona akichimba na kuchimba, mpaka wanaume wengine wakamwambia inatosha, ni mtoto tu, na yeye akaendelea.

Baadaye alisafiri kwenda Bungoma kumwuliza sheikh wake. Alirudi jioni, akamweleza Mama jibu alilopewa, nami nikasikiliza nikiwa nachambua mboga. Sheikh alimwambia hakuuza, hakutoa, hakumlisha mtu. Walichukua kilichofukiwa katika ardhi yake pasipo idhini, na dhambi haimo kwake. Mama alishusha pumzi. Baba alikuwa amelishika jibu lile kama mtu aliyepewa nguo isiyomtosha. Hakula. Asubuhi alitwambia tuvae, tunakwenda kwa jirani.

Mama Nasimiyu alikuwa akifua. Alikuwa akifua nguo za Wafula, ndogo ndogo, na kuzianika kwenye michongoma. Baba alikataa kiti. Alisimama mbele yake, mikono imening'inia, akasema, "Mama Nasimiyu, yale mahindi yalikuwa na kasoro. Nilijua. Nilipaswa kukuambia."

Alikamua kishati mpaka tone la mwisho kabla ya kujibu, na hakupaza sauti.

"Wenye kununua unaambianga," alisema. "Nilikuwa nasikia tu nikiwa hapa. Hii ilinyeshewa, hii iko na wadudu. Mimi nilikosa tu pesa, Baba Rukia. Ningekuwa na pesa, si ungeniambia?"

Mama yangu alianza kulia. Nasimiyu alikuwa mlangoni, akinitazama mimi, na hatukucheza pamoja tena. Baada ya miezi michache walihamia kwa ndugu zao Myanga. Baba hakununua tena mahindi yake mwenyewe. Alibeba na kupakia magunia ya wafanyabiashara wengine mjini Kitale mpaka mgongo ulipokataa, na wateja wake wa zamani walipomwita kwa lile jina la utani aliitika, lakini hakucheka nao.

Nilimchukia Mama Nasimiyu kwa muda mrefu. Nilidhani alimtukana mtu aliyekwenda kumpa pole, mtu mwema kuliko wote niliowajua, aliyekubali kufilisika kuliko kula haramu. Nilipokuwa mkubwa, nikawa na watoto wangu wa kulisha na vitu vyangu vya kuuza, ndipo nilipolisikia swali lake vizuri. Hakuwa akimtukana. Alikuwa akimwuliza kwa dhati, na jibu lilikuwa ndiyo. Angekuja na noti mkononi, Baba angempindulia gunia zima, angemwonyesha ukungu wa chini, angemfukuza arudi kwake salama. Alimhurumia mnunuzi, akawahurumia kuku na samaki, akamhurumia hata mlevi wa Bungoma asiyemjua jina. Ukweli wake ulikuwa mkubwa na hakuwahi kuupunguza kwa mteja yeyote. Ila Wafula hakuwa mteja wa mtu.