Mgeni wa Maganda ya Mgomba

Kule Ijuganyondo, wanawake wa rika la Ma Edvina humwona mtoto anayecheza kama mtoto aliyekosa kazi. Atumwe maji, atumwe kuni, amenye ndizi! Edvina hakuwa hivyo, na majirani walimcheka sana. Kwake mtoto aliachiwa ua mzima. Maganda ya mgomba yalikuwa magari, kahawa mbichi zilikuwa ng'ombe, na nyasi zilizotandikwa sebuleni zilikuwa ziwa. Bibi mwenyewe naye alicheza. Ukimkuta amepiga magoti mbele ya kigunzi cha hindi, akikisalimia kwa heshima zote, ujue kigunzi hicho ni paroko amekuja kutembea. Alikuwa na sharti moja tu: mtoto akisema huyu ni fulani, basi ni fulani, na mtu mzima asimpinge.

Sharti hilo ndilo lililomponza.

Mwanawe Rwekaza alikuwa akinunua dagaa kisiwani Goziba na kuwauza Bukoba mjini. Mwaka jana boti aliyopanda ilipinduka. Wenzake walionekana, yeye hakuonekana. Ndugu walingoja ufukweni, kisha wakafanya kama inavyofanywa katika ukoo wao mwili unapokosekana. Walikata mgomba nyuma ya jiko, wakalivalisha gogo lake shati la bluu la Rwekaza, wakalizika kibanjani, katika shamba la migomba la nyumbani, kando ya kaburi la baba yake. Watoto walipelekwa mbali wasione. Baadhi ya vijana walitaka kuendelea kumtafuta, lakini Edvina alisema inatosha, tuzike. Alikuwa amechoka, maskini, hata kusimama alikuwa hawezi.

Tangu msiba ule binti wa Rwekaza, Kokuberwa, mtoto wa miaka mitano, hakutamka neno. Mama yake, Annastella, mwenye kibanda cha nguo kule Nshamba, alimleta kwa bibi akitumaini michezo itamfungua mdomo. Mtoto alikula, alilala, alitazama. Edvina alimtengenezea kila alichojua kutengeneza, na moyo ulimuuma kuona kila kitu kimebaki pale pale alipokiweka. Aliogopa kwamba sauti ile haitarudi tena.

Siku moja mvua ilinyesha asubuhi yote, maganda yote kibanjani yakalowa chapachapa. Edvina akaona shina moja lililokingwa na upenu wa jiko, bado kavu. Bila kuwaza mara mbili akabandua maganda yake, akayakunja, akayafunga kamba, akapata mwanasesere mwenye mikono na miguu mirefu, asiye na uso. Kokuberwa akampokea kwa mikono miwili.

"Tata," akasema.

Yaani baba, kwa Kihaya. Edvina akalia kwa furaha, ingawa nywele zilimsisimka. Lakini mtoto alikuwa ameshasema huyu ni nani. Bibi akapiga magoti, akamsalimia mgeni, akamletea kikapu cha kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote anayeingia nyumbani.

Basi Kokuberwa akawa anaongea. Ila alimsemea mwanasesere tu. "Tata anasema kule maji ni ya baridi." "Tata anataka kukaa karibu na moto." Edvina alijibu yote, akacheka yalipochekesha. Mahali alipoketishwa mwanasesere, nyasi zilikuwa zinalowa. Edvina alilaumu bati. Mvua ilipokatika, jua likawaka, nyasi zikaendelea kulowa, na bibi akaacha kulitazama bati.

Aliyemfumbua macho ni jirani yake Renatha, aliyekuja kuomba kiberiti. Alimtazama mwanasesere kwa muda, asiketi.

"Ma Edvina, haya maganda umeyatoa wapi?"

"Kwenye shina lile la jikoni."

"Mawe, mama yangu! Shina lile?" Renatha akashusha sauti. "Umesahau? Si ndipo tulipokata lile gogo? Waitu, jamani, umemchuna yule tuliyemzika, ukampa mtoto amchezee. Mtupe motoni, leo hii hii!"

Edvina akayatazama tena maganda yale. Alikuwa amepita pale kila siku tangu msiba, na kweli alikuwa amesahau. Labda hakutaka kukumbuka. Renatha alipoondoka alimchukua mwanasesere, akaingia naye jikoni. Alikuwa mzito kuliko maganda yanavyopaswa kuwa.

Kokuberwa akamfuata. Hakulia, wala hakumshika bibi nguo. Aliuona moto, akauona mkono wa bibi, na midomo yake ikaanza kujifunga, taratibu, kama ilivyokuwa imefungwa miezi yote ile. Edvina akaiona. Akajua kabisa anachokwenda kuchoma pamoja na maganda yale, na mkono ukakataa kwenda.

"Bibi," mtoto akasema upesi, kama anayewahi kabla mlango haujafungwa. "Tata anauliza, nani amelala mahali pake?"

"Wapi, mwanangu?"

"Kule kwa Babu. Kuna mtu amevaa shati lake."

Edvina akaketi sakafuni, mwanasesere mapajani. Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto huyu habari za gogo wala za shati, hilo alikuwa na uhakika nalo.

"Mwambie ni mgomba," akasema. "Mwambie tulimngoja, hakuja."

Kokuberwa akainama, akaweka sikio pale ambapo mdomo ungekuwa. Alisikiliza muda mrefu. Kuni zilikuwa zinalia motoni, na maji yalikuwa yanachuruzika kwenye gauni la bibi.

"Anasema mlifanya haraka."

Edvina akalia, si kilio cha watu wa msibani, bali kile alichokuwa amekibana tangu ufukweni. "Ni kweli," akasema. "Ni mimi. Mwambie bibi anaomba msamaha."

Mtoto akatikisa kichwa. "Mwambie mwenyewe, Bibi. Anakusikia."

Edvina akautazama ule uso usio na macho. Aliogopa, aliogopa sana, lakini mjukuu alikuwa anamsubiri, midomo wazi.

"Rwekaza mwanangu," akaita, "nisamehe. Nilichoka kungoja."