Aliyetukataza Kuuliza Tumbo Liko Aje

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi mjini Wote, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado. Dada yangu aliniandikia kutoka Mbooni: "Yule mwalimu wa tumbo ametuacha." Hakutaja jina, wala sikulihitaji. Marehemu hakuwa mwalimu. Alikuwa mama mmoja mtafiti wa saikolojia, mzaliwa wa Matinyani, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia kutafuta jibu la swali moja: kwa nini mtoto alie tumbo mwezi baada ya mwezi ilhali maabara haioni kitu? Presha ndiyo iliyomchukua. Sitajidai kwamba tulikuwa marafiki. Tulijuana tu, tukasalimiana, tukabishana, na ubishi wetu wa mwisho haukupata mshindi. Sasa nimebaki nao peke yangu, na unanisumbua.

Nilimjua kwa sababu ya mpwa wangu. Wakati huo alikuwa msichana wa darasa la nne, mkimya, mwepesi wa kuelewa, na karibu kila asubuhi ya shule alijikunja kitandani ameshika kitovu. Alipewa dawa ya minyoo, akapimwa choo na damu, akaombewa kanisani na kupakwa mafuta, akanyweshwa supu ya mbuzi na majani fulani ambayo sitayataja hapa nisije nikaletewa wagonjwa. Kwenye zahanati walisema hana kitu. Baba yake aliposikia hivyo akaamua kwamba mtoto anadanganya, anakwepa shule. Mimi nilikuwa upande wa baba, ingawa kwa sauti ya chini, maana dada yangu ni mkubwa wangu na ulimi wake naujua.

Marehemu alikutana nao katika ukumbi wa kanisa, alikokuwa akizungumza na wazazi wenye shida kama hiyo. La kwanza alilofanya ni kumtetea mtoto. Alisema maumivu ni ya kweli hata pasipo kidonda. Hofu humkaa mtoto tumboni jinsi inavyomnyima mtu mzima usingizi, na anayeambiwa hana kitu hubaki na maumivu yake na aibu ya kuitwa mwongo juu yake. Dada yangu alilia kwa kufarijika. Kisha likaja la pili. Aliambiwa aache kumwuliza mtoto, kila anapoamka, tumbo liko aje. Mtoto akilalamika mwenyewe, asikilizwe, apewe pole na uji, halafu aende shule. Ila asiulizwe, kwa kuwa swali lile la kila siku lilikuwa linamfundisha kuamka akilitafuta tumbo lake.

Sijui kama mtu asiye wa kwetu anaweza kuelewa uzito wa agizo hilo. Mama zetu hawana mazoea ya kutuambia wanatupenda. Wanauliza. Umeamka aje, umekula nini, ule mguu uliacha kuuma? Huo ndio upendo wenyewe, na ukimkataza mama kuuliza umemfunga mikono. Nilimwambia marehemu hivyo nje ya ukumbi, na huo ukawa ubishi wetu wa kwanza. Alinijibu kwa upole kwamba amemnyima swali moja tu, mengine yote amemwachia. Dada yangu alitii. Asubuhi alikuwa akitoka mapema kumkatia ng'ombe nyasi ili swali lisimponyoke. Na kweli, ilifaa. Mpwa wangu alirudi shuleni, akanenepa, akaingia kwaya, nami nikayameza maneno yangu.

Kisha, msimu wa maembe, mtoto aliamka na maumivu mengine kabisa. Alisema mara moja tu kwamba tumbo linauma. Dada yangu akafanya kama alivyofundishwa: pole, uji, shule. Uji haukunyweka. Kesho yake mtoto hakusema lolote, kwa kuwa alikuwa amejua kwamba nyumbani kwao habari za tumbo zimekwisha. Alasiri walimkuta nyuma ya darasa, mwili moto, hawezi kunyoosha mguu. Waliteremka naye mlimani kwa boda boda, dada yangu amempakata, na kila gurudumu liliporuka jiwe mtoto alipiga kelele. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Madaktari walitwambia kwamba wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunapanga mazishi.

Marehemu alikuja wodini bila kuitwa. Nilitarajia ajitetee, na hoja alikuwa nazo, maana hakuna siku aliyosema mgonjwa asipelekwe hospitali. Hakujitetea. Alisimama upande wa miguu ya kitanda akimtazama mtoto na mirija yake, na dada yangu ndiye aliyeanza.

"Wewe uliniambia nisiulize. Nikanyamaza. Mtoto wangu alikuwa anakufa kwa hii nyumba yangu, na mimi nimenyamaza tu."

"Ni kweli, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa heshima ya kwetu. "Nilikufundisha kunyamaza. Sikukufundisha kunyamaza kunaishia wapi."

Dada yangu alimwonyesha mlango, naye akatoka. Aliyoyafanya baada ya hapo ndiyo ninayobishana nayo hadi leo. Alirudi nyumba kwa nyumba, kuanzia Mbooni hadi Mwingi, kwa kila familia aliyowahi kuishauri. Aliwaeleza ni maumivu yapi yasingojwe: yenye homa, yenye kutapika, yanayohamia upande mmoja, yanayomwamsha mtoto usingizini, tumbo lisilotaka kuguswa, mtoto anayekonda. Akawaambia pia kwamba asubuhi wasiulize, lakini jioni wamwekee mtoto mkono tumboni na kumwuliza mara moja. Wenzake walimwonya. Utafiti aliokuwa akiufanya kwa familia hizo ulikuwa katikati, na akibadilisha ushauri njiani, matokeo hayatamfaa mtu. Alikwenda. Matokeo hayakumfaa mtu, wafadhili wakajiondoa, na kazi ile haikuchapishwa kamwe. La kusikitisha zaidi, baadhi ya akina mama waliingiwa na hofu wakaanza tena kuuliza asubuhi, mchana na jioni, na watoto wao wakarudi kujikunja kitandani. Nilipokutana naye sokoni Kitui nilimwambia amepoteza yote mawili, utafiti na watoto. Akasema, "Labda," akaendelea kuchagua nyanya zake.

Sijui kama nilikuwa sahihi. Nikiwaza watoto ambao kazi ile ingewaokoa na kuitwa waongo, nasema alikosea kuiharibu. Nikimwaza mpwa wangu juu ya ile boda boda, nasema angekuwa mtu wa aina gani kama angekaa ofisini akingoja matokeo? Tumezoea kuwadai wasomi majibu. Huyu alituachia wasiwasi, na mimi wasiwasi wake nauamini kuliko majibu ya wengi.

Jumamosi tulimzika Matinyani. Dada yangu alikuja, jambo ambalo sikulitegemea. Alikuja na mpwa wangu, ambaye siku hizi ni mama, na mjukuu aliyeanza chekechea juzi juzi. Hotuba zilipokuwa zinaendelea, yule mdogo alimvuta mama yake nguo akasema tumbo inauma. Nilimwona dada yangu akifungua kinywa. Akatazama jeneza, akakifunga. Mpwa wangu alimwekea mtoto kiganja tumboni, akabonyeza polepole upande wa kulia huku akimtazama usoni, akamwambia, "Nimeskia. Jioni nitakuuliza." Mtoto akakimbilia wenzake kati ya viti.

Mimi nisiye na desturi ya kumwuliza mtu hali nilirudi Wote nikiliwaza tumbo lile njia nzima. Jioni nikapiga simu Mbooni.

"Ashaulizwa," dada yangu alisema. "Haiumi, sai anakula. Wewe usiulize tena." Kisha akaongeza: "Yule mama alirudi wodini siku nyingine, wewe haukuwa huko. Nikamfukuza tena. Hii miaka yote sijawahi muuliza yeye mwenyewe ako aje."

Hata mimi sikuwahi. Kwa hiyo, msomaji, ikiwa kuna mtu unayejua kosa lake, na unajua kwamba na yeye analijua, mwulize yuko aje kabla hajaandikiwa hotuba. Usimsumbue kila siku. Mara moja inatosha.